Tangazo la Pili la Masukulu

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa wembe. Ilikuwa Mbeya, katika studio ndogo iliyokuwa ikirekodi kwaya, na Fundi Mkuu, mtu mrefu aliyevaa koti jeupe kama tabibu, aliuweka ule wembe mezani kando ya gurudumu la kanda, akaniambia, "Kijana, hapa hatuandiki kwa kalamu. Tunaandika kwa huu." Nilidhani ananitania. Mimi ni mtoto wa fundi cherehani wa Tukuyu, babu yangu alipanda kutoka Kilwa na mkasi wake begani, kwa hiyo nilikuwa nimekwisha kuona nyembe nyingi, lakini sikuwa nimeona zikikata sauti.

Nieleze kidogo kwa ajili ya vijana ambao wameikuta sauti ikikaa kwenye simu. Wakati huo sauti ilikaa kwenye kanda ya rangi ya kahawia, upana wake kama kamba ya kiatu, iliyozungushwa kwenye gurudumu. Mwimbaji akikohoa katikati ya wimbo, ulizungusha gurudumu taratibu kwa mkono mpaka kikohozi kikasikika, ukaweka alama kwa penseli ya mafuta, ukakata mshazari upande huu na upande ule, ukaunga kwa utepe wa gundi. Kile kipande chenye kikohozi kilianguka sakafuni. Fundi Mkuu alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja hata siku moja: hakuna kufagia mpaka kipindi kiwe kimekwisha kurushwa. "Unaweza kuwa umekata neno badala ya kikohozi," alisema. Nimewahi kupiga magoti chini ya meza nikitafuta "haleluya" moja kati ya vipande vya kanda, na mimi ni Mwislamu.

Kwaya hizo nilizijua kuliko waumini wengi. Siku moja mama alinisikia nikiimba besi huku naosha miguu uani, akaniuliza kwa upole kama nimebatizwa huko Mbeya na sijamwambia. Nikamjibu kwamba ni kazi tu. Akasema kazi gani hiyo inayokuingia mpaka kooni.

Kutoka Mbeya nilipata nafasi kwenye kituo kimoja cha redio Songea, nikiwa fundi mitambo msaidizi. Mkuu wa Matangazo wa pale alikuwa mtu wa maneno machache na viatu vinavyong'aa. Alichochukia kuliko vyote ni kimya hewani. Mtangazaji akisita, akitafuta karatasi, yeye alikuwa amesimama nyuma ya kioo akimtazama mpaka mtu anatoka jasho. Huko kanda za magurudumu zilipisha kaseti, na mikasi na nyembe zikaingia kabatini. Kisha nikahamia Iringa, na Iringa ndiko nilikokutana na kompyuta. Mwalimu aliyetufundisha alituambia kwamba sasa sauti ni faili, kwamba faili linakaa ndani ya folda, na folda unaitazama kupitia dirisha. Nikaandika yote. Neno dirisha lilinipendeza. Dirisha ni kitu cha kuaminika. Ukitazama ukaona mvua, nje kuna mvua.

Mwishoni nilirudi nyumbani Tukuyu. Kilikuwa kimefunguliwa kituo kidogo cha redio ya jamii, ambacho leo hakipo tena na sina haja ya kukitaja jina. Tulikuwa na vyumba viwili vilivyotenganishwa na kioo. Kimoja kilikuwa chumba cha kurekodia, na humo kulikuwa na kompyuta ambamo matangazo na vipindi viliandaliwa. Kingine kilikuwa studio yenyewe, anakokaa mtangazaji akiwa hewani, nayo ikiwa na kompyuta yake. Kompyuta hizo ziliunganishwa kwa waya na kutumia folda moja ya pamoja. Ukirekodi tangazo upande wa huku, unalihifadhi ndani ya folda ya pamoja, na mtangazaji upande wa kule analiona kwenye dirisha lake, analibonyeza, watu wanasikia kuanzia Ikuti mpaka Kisiba. Ndivyo ilivyotakiwa kuwa.

Ilivyokuwa hasa ni hivi. Dirisha la studio halikujibadilisha lenyewe. Lilionyesha folda kama ilivyokuwa wakati lilipofunguliwa, likabaki hivyo. Ukiweka faili jipya upande wa huku, kule hakuna kilichoonekana. Ukifuta faili la zamani, kule liliendelea kukaa pale pale na jina lake na saa yake, na mtangazaji akilibonyeza kompyuta inamwambia kwamba faili hilo halipo, wakati yeye analiona kwa macho yake mawili.

Mwezi wa kwanza tulikaribia kupigana. Mtangazaji wetu mmoja, kijana anayeitwa Gwamaka, mwenye sauti nzuri na hasira za karibu, alikuwa akigonga kioo na kunipungia mikono: liko wapi? Mimi namwonyesha kwenye kompyuta yangu: hili hapa. Yeye ananyanyua mabega. Nalihifadhi tena kwa jina lingine. Bado. Nalihifadhi mara ya tatu. Kisha anafunga dirisha na kulifungua upya kwa sababu nyingine kabisa, na anakuta tangazo moja la mnada wa ng'ombe limekaa mara tatu, kama mtoto aliyeitwa majina yote ya mababu. Siku hiyo mnada ulitangazwa mara tatu mfululizo, na wauzaji walifurahi.

Meneja wa Kituo, mama mmoja aliyekuwa mwalimu kabla ya kuingia kwenye utangazaji, alimwita mtaalamu wa kompyuta kutoka Mbeya. Kijana alikuja na begi lake, akakaa, akatazama, akabonyeza kitufe kimoja katika safu ya juu ya kibodi, kilichoandikwa F5. Dirisha likapepesa kama mtu aliyeguswa usingizini, na mafaili yote yakatokea.

"Hakuna tatizo," alisema. "Mnabonyeza hapa linajihuisha."

Meneja akamwuliza, "Na tusipobonyeza?"

"Mtaona ya zamani, mama."

"Na litatuambia kwamba hayo ni ya zamani?"

Kijana alifikiri kidogo. "Hapana, mama. Lenyewe halijui."

Nilikasirika, na nasema wazi kwamba nilikasirika, ingawa haikuwa hasira ya kupiga mtu. Katika kazi yangu mashine mbovu haikuwa adui. Kinasa sauti kikiharibika kinanguruma, kanda ikikatika inapiga makelele, taa ikiungua unakaa gizani na unajua umekaa gizani. Hili dirisha lilikuwa zima. Lilikuonyesha jambo la jana kwa uso ule ule wa jambo la leo. Nilimwambia yule kijana hivyo, akacheka kwa adabu, akasema, "Mzee Salum, ndivyo ilivyo tu." Sina kinyongo naye. Alikuwa anasema kweli.

Basi tukajitengenezea utaratibu wetu. Kila nilipoweka faili jipya niligonga kioo kwa pete yangu, na aliyekuwa studio akabonyeza F5. Gwamaka aliuita adhana. Alikuwa akisema hewani, kimakosa au kwa makusudi, "Naona fundi ananiadhinia, kuna tangazo," na wasikilizaji wa Tukuyu mjini walikuwa wakijua kwamba kuna jambo jipya linakuja. Utaratibu huo ulifanya kazi vizuri kwa muda mrefu. Hatukuuandika popote. Ulikuwa kati yangu na watangazaji.

Hapa lazima niseme jambo kuhusu matangazo ya vifo, maana wasomaji wa mbali hawatalielewa. Katika wilaya yetu, tangazo la kifo ndilo lililokuwa uti wa mgongo wa redio. Muziki watu waliusikiliza wakipenda, habari wakiwa na nafasi, lakini saa ya matangazo ya vifo mtu aliacha jembe. Sisi Waislamu maiti wetu hasubiri. Akifa asubuhi, jioni kaburi limefunikwa. Wenzetu Wanyakyusa husubiri. Wanasubiri mtoto aliye mbali afike aone uso na atie udongo wake, na anayetangazwa kwenye redio ni marehemu, lakini wanaohesabiwa ni walio njiani. Na kuna jambo lingine. Msibani redio haiwashwi. Nyumba yenye maiti haina muziki wala porojo, na majirani wa karibu wote wako pale, kwa hiyo redio zao pia zimezimwa. Watu wote wa wilaya wanasikia tangazo la msiba isipokuwa wenye msiba.

Juma moja alifariki mzee wa Masukulu, mkulima, mtu wa heshima na ukoo mkubwa. Mdogo wake ndiye aliyekuja kituoni kama msemaji wa familia. Nitamwita Baba Mdogo, kwa sababu hivyo ndivyo wote tulivyomwita baadaye. Alitangaza kwamba maziko yatakuwa Jumamosi saa nane mchana. Tukarekodi, tukaweka kwenye folda, nikagonga kioo, likarushwa.

Marehemu alikuwa na binti mmoja tu, Tumpale, aliyekuwa akifanya kazi Mwanza. Tumpale alikuwa hajafika Masukulu kwa miaka. Watu walijua sababu, na mimi nilikuja kuijua pia: mama yake alipofariki, Baba Mdogo aling'oa mibuni ambayo mama yule aliipanda kwa mikono yake, akapanda miparachichi, maana parachichi ndiyo ilikuwa imeanza kupata soko. Baba mtu hakumzuia mdogo wake. Tumpale alimwambia Baba Mdogo maneno mazito mbele ya watu, akaondoka. Tangu hapo walikuwa hawasemeshani.

Ijumaa asubuhi Tumpale alipiga simu kwamba basi lake limeharibikia Singida, na hajui litatengenezwa lini. Simu ilipokelewa na Baba Mdogo mwenyewe. Wazee wakakaa, wakakubaliana kusogeza maziko mpaka Jumapili. Baba Mdogo akashuka mjini kwa bodaboda, mvua ikimnyeshea, akafika kituoni mchana. Mimi nilikuwa nimekwenda msikitini kuswali Ijumaa, kama kila Ijumaa, na siku hiyo sikurudi tena kazini. Meneja alimpokea, akaandika tangazo la pili, akaingia chumba cha kurekodia, akalisoma mwenyewe kwa sauti yake ya ualimu, akalihifadhi kwenye folda ya pamoja. Aliifanya kazi hiyo sawasawa. Taa nyekundu ya studio ilikuwa inawaka, kwa hiyo hakuingia kumsumbua mtangazaji. Akamsindikiza mgeni wake mpaka barabarani kwa mwavuli. Adhana ya kwenye kioo aliijua kama mzaha wa Gwamaka tu; alidhani watangazaji hubonyeza F5 wenyewe.

Upande wa pili wa kioo, Gwamaka alilitazama dirisha lake. Lilionyesha tangazo la Masukulu, Jumamosi saa nane. Akalirusha saa ya matangazo ya jioni. Naye aliifanya kazi yake sawasawa. Asubuhi ya Jumamosi alilirusha tena.

Tulijua saa tatu hivi, Baba Mdogo alipopiga simu kwa Meneja. Niliwekewa simu sikioni nisikie.

"Mama, huku watu wanakuja," alisema. Hakupandisha sauti. "Kwaya ya Ikuti imefika na lori. Wa Kisiba wapo barabarani. Mchungaji ameshafika. Nawauliza nani kawaita, wanasema redio."

Nilikwenda kwenye kompyuta ya studio nikabonyeza F5. Dirisha likapepesa, na tangazo la pili likakaa juu kabisa ya orodha, limeandikwa saa ya Ijumaa mchana, limetulia tu. Gwamaka aliweka kichwa chake mezani. Tukalirusha pale pale, na Meneja akaingia hewani mwenyewe kuomba radhi, lakini kumwambia mtu redioni asije wakati yeye yuko njiani ni kazi bure. Aliye njiani hana redio.

Meneja na mimi tulipanda Masukulu. Kwetu kosa la namna hiyo haliombewi radhi kwa simu. Tulikuta watu wengi mno, wamejaa mpaka ndani ya migomba, wanawake wamekwisha kuinjika masufuria ya ndizi. Tulimkuta Baba Mdogo chini ya turubai pamoja na wazee.

"Mugonile, tata," nilimsalimu kwa Kinyakyusa.

"Ndaga," alijibu. "Karibu, fundi. Karibu, mama. Kaeni."

Meneja akaeleza. Alieleza vizuri, bila kumtaja mtu, akasema kosa ni la kituo. Wazee walisikiliza. Nilijaribu kuongeza habari ya dirisha ambalo halijihuishi, nikaona macho yao, nikanyamaza. Kuna maelezo ambayo ni ya kweli na hayafai kutolewa mbele ya jeneza.

Mzee mmoja akasema, "Basi tuwaambie watu warudi, waje kesho."

"Warudi?" alisema Mchungaji. "Mimi kesho nina ibada tatu na ubatizo. Na hawa wa Ikuti lori lao ni la kuazima."

"Watu wakisharudi, kesho hawaji tena," alisema mwingine. "Mtazika na nani? Mtamzika mzee mkubwa kama mbuzi?"

Baba Mdogo alisema, "Nilimwambia mtoto tutamsubiri."

"Asiyekuwapo na lake halipo," alisema yule mzee. Hakusema kwa ubaya. Ndivyo methali ilivyo, na mara nyingi huwa ya kweli.

Walibishana mpaka alasiri. Walimpigia Tumpale simu, haikupatikana. Mawingu yalikuwa yameshuka juu ya mlima Rungwe, na kaburi lililochimbwa katika udongo wetu likipata mvua usiku huwezi kulikuta lilivyo asubuhi. Mwishowe wakazika. Nilisimama karibu na Baba Mdogo. Alipotupa udongo alitupa mara mbili, na nilijua ile ya pili ni ya nani.

Tumpale alifika Jumapili asubuhi, saa ambayo tangazo la pili lingemfaa. Akakuta kaburi limefunikwa na mashada yamelowa. Niliambiwa kwamba hakulia. Baba Mdogo alimweleza kwamba walikuwa wanamsubiri na redio ndiyo iliyoharibu. Tumpale akamjibu, "Baba Mdogo, mimi si mtoto. Mlikuwa na haraka, mmezika. Redio gani inayozika watu?" Kisha akasema ataondoka Jumatatu, na kwamba safari hii Masukulu hataiona tena.

Hilo ndilo lililokuwa juu ya meza yetu Jumatatu asubuhi, alipoingia kituoni akiwa na begi lake la safari. Mama wa makamo, amefunga kanga mbili, macho makavu. Meneja alisimama akaanza maneno ya kuomba radhi aliyokuwa ameyaandaa. Tumpale aliinua mkono.

"Sikuja kudai chochote, mama. Basi langu la Mbeya linaondoka sasa hivi. Nimekuja kuuliza jambo moja. Hilo tangazo la pili lilikuwapo, au Baba Mdogo amelitunga baada ya kunikosa?"

"Lilikuwapo," alisema Meneja.

"Nionyesheni."

Nilimpeleka chumba cha kurekodia, nikamvutia kiti. Nilimwonyesha folda, na majina mawili, la kwanza na la pili. Nilimweleza habari ya dirisha kwa kifupi, maana yeye alikuwa anafanya kazi ofisini na alielewa upesi. Alitikisa kichwa. "Hata yetu inafanya hivyo," alisema. "Mimi hubonyeza tu, sikuwahi kujiuliza." Kisha akaniomba nimsikilizishe.

Sauti ya Meneja ikatoka kwenye spika. Ilisema familia ya marehemu, ya Masukulu, inawatangazia ndugu, jamaa na marafiki kwamba maziko yaliyokuwa yafanyike Jumamosi sasa yatafanyika Jumapili saa nane mchana, ili kumsubiri binti wa marehemu, Tumpale, aliye njiani kutoka Mwanza. Wote mnaombwa kumsubiri mtoto.

Palikuwa kimya. Mkuu wa Matangazo wa Songea asingekivumilia kimya kile.

Tumpale alimgeukia Meneja, aliyekuwa amesimama mlangoni. "Haya maneno ni yako?"

"Ni yake yeye," alisema Meneja. "Mimi niliandika 'kutokana na sababu zisizozuilika.' Ndivyo tunavyoandika siku zote. Baba yako mdogo akaniambia nifute. Akasema, 'Sababu ina jina. Andika jina lake.' Na hilo la mwisho, la kumsubiri mtoto, nilimwambia halihitajiki, tumekwisha kulisema. Akasema liandikwe."

"Alikuwa amelowa?" aliuliza Tumpale. Lilikuwa swali la ajabu, na sijui hadi leo kwa nini aliliuliza.

"Maji yalikuwa yanamtiririka mpaka hapo ulipokaa."

Alitazama sakafu. Akaniambia, "Baba, nirudishie tena." Nikalirudia. Akalisikiliza lote, akiwa amefumba macho, na lilipofika jina lake, akaanza kulia, kilio kile ambacho hakulia Jumapili, na Meneja akaja akamshika. Mimi nilishughulika na nyaya ambazo hazikuhitaji kushughulikiwa. Mtu aliyesema mafundi mitambo hawana moyo hajawahi kukaa na mmoja katika chumba kidogo.

Hakupanda basi la Mbeya. Aliniomba nimsimamishie bodaboda, akasema, "Masukulu." Begi lake tulilifunga nyuma kwa mpira.

Baada ya hapo Meneja aliweka sheria mbili, na hizi aliziandika na kuzibandika ukutani. Tangazo linalobadilishwa lisomwe hewani na aliyelipokea, si kuachwa kwenye folda. Na mtangazaji asiamini dirisha mpaka alihuishe. Yule kijana wa Mbeya alirudi akatubadilishia programu, na ile mpya ilijihuisha yenyewe, mara nyingine mpaka kupita kiasi, orodha ikirukaruka wakati unataka kubonyeza jina. Gwamaka aliniambia anaikumbuka adhana. Nilimwambia hata mimi.

Kisha nikastaafu. Nilifanyiwa sherehe, nikapewa godoro na picha ya kituo iliyowekwa kwenye fremu. Kituo chenyewe kilifungwa baadaye. Vijana huniuliza kipi kilikuwa kigumu zaidi, nyembe au kompyuta, wakitarajia niwasifie nyembe. Siwezi kuwasifia. Nyembe zilitupotezea maneno mengi sana, na mwimbaji mmoja wa Mbeya alikwenda kaburini akiamini kwamba sauti yake niliikata kwa wivu. Ninachosema ni kwamba kila chombo kina namna yake ya kuchelewa, na anayekitumia inampasa aijue namna hiyo kabla hajaketi. Siku hizi matangazo ya vifo yanapita kwenye makundi ya simu. Yanafika upesi, yanasahihishwa upesi, na watu bado wanafika msibani siku isiyo yenyewe.

Tumpale alirudi Mwanza kumaliza kazi yake, na muda si mrefu akahamia Masukulu moja kwa moja. Yeye na Baba Mdogo walilima pamoja. Hawakuwa watu wa kukumbatiana. Niliambiwa waligombana juu ya mbolea mpaka mwisho. Mwaka huu, wakati wa mvua kubwa, nilikuwa nimekaa barazani nikamwona anakuja kwa miguu, ameinua kanga, viatu vimejaa matope.

"Shikamoo, Mzee Salum."

"Marahaba, mama. Karibu. Habari za Masukulu?"

"Baba Mdogo ametutoka jana alfajiri. Tunazika keshokutwa, saa nane. Nimepita kwa kila mtu niliyeweza kumfikia kwa miguu. Nimekuja kukuambia mwenyewe."

Nilimpa pole. Akanywa chai, akaondoka kwenda nyumba ya pili.

Siku ya maziko nilipanda mapema. Watu walikuwa wengi, kama walivyokuwa wakati ule. Saa nane ikafika. Mtoto wa kwanza wa Baba Mdogo, Lusajo, alikuwa njiani kutoka Songea na alikuwa hajafika. Mchungaji, huyu ni mwingine, kijana, alitazama saa yake, akatazama mawingu, akasogea kwa wazee. Nikawaona wazee wanaanza kutikisa vichwa kwa namna ninayoijua. Mmoja akasema watu wameshakuja.

Tumpale, ambaye sasa ndiye msemaji wa familia ile, alisimama kando ya jeneza.

"Baba Mchungaji," alisema, "tunamsubiri Lusajo."

"Mama, mvua hiyo. Na watu wametoka mbali."

"Naiona. Hao waliotoka mbali ndio wanaojua mbali kulivyo." Akawageukia akina mama jikoni, akawaambia waongeze ndizi, halafu akatugeukia sisi wengine. "Ndaga fijo kwa kuja. Naomba mkae."

Mvua ikaanza. Tukasogezeana viti chini ya turubai, wa Ikuti na wa Kisiba na sisi wa mjini, tukakaa.